Isale Ndani ya Faili

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, Salvina alitoa vikombe vyake vyote akavipanga juu ya meza. Vilikuwa vitatu. Kimoja hakikuwa na mkono, na kingine kilikuwa na ufa uliovujisha chai taratibu, kwa hiyo aliyepewa hicho alilazimika kunywa haraka. Kesho yake, Jumanne, mgeni kutoka ofisi ya mikopo ya wanafunzi angekuja kukagua nyumba.

Barua ya kuwajulisha ilikuwa ya ukurasa mmoja. Hilda, binti yake, alikuwa ameisoma kwa sauti mara mbili. Hilda alikuwa amechaguliwa kusoma uhandisi wa maji katika chuo kikuu Dar es Salaam, na chuo kingefunguliwa tarehe mbili Oktoba. Mwaka huo, 2006, ofisi ilikuwa imeanza kupima uwezo wa kila familia. Asiye na kitu angepewa mkopo wa mia kwa mia. Mwenye navyo angepewa sifuri. Mkaguzi angefika, angetazama, angeandika.

Nyumba yao ilikuwa Marangu, katikati ya migomba, chini kidogo ya njia ya kwenda kanisani. Ilikuwa na vyumba viwili, kuta za mbao na sakafu ya udongo. Mumewe, Rogath, alikuwa amebeba mizigo ya wapanda mlima kwa miaka kumi na tisa, mpaka goti la kulia lilipokataa. Kahawa ilikuwa haijawapa chochote cha maana tangu Hilda akiwa darasa la pili. Salvina aliuza ndizi Kiboriloni siku za gulio. Hilda alipoingia kidato cha tano, walimuuza ng'ombe wao.

"Vikombe vitatu," alisema Salvina. "Na mgeni anatoka mjini."

"Mama, anakuja kuona hali yetu," alisema Hilda.

"Hali ataiona. Kwani nimeificha wapi? Hali siyo kikombe."

Rogath alikuwa amekaa mlangoni akinoa kisu cha kukatia majani. "Mimi naona amkute kila mmoja alivyo," alisema. "Mpeni hicho kinachovuja. Atakunywa upesi aende zake."

"Na akirudi mjini ahadithie kwamba kwa Rogath wageni wananyweshwa kama ndama?"

Rogath aliendelea kunoa. Alijua mkewe alikoelekea. Huko mlimani mgeni hapokelewi kwa kile ulicho nacho. Anapokelewa kwa kile anachostahili, na kinachopungua kinaazimwa kwa jirani bila mtu kuona aibu. Jirani naye siku yake itafika, atakuja kuazima sufuria la msiba au viti vya kipaimara. Salvina alijifunga khanga akaenda kwenye ua unaowatenganisha na jirani yao Thadeus.

Thadeus alikuwa na malori mawili na nyumba ya matofali yenye vyumba sita. Watu walimwita Baba Jovin, kwa jina la mwanawe, ambaye naye alikuwa amechaguliwa chuo kikuu mwaka huohuo. Haifai kusema kwamba alikuwa mtu mbaya. Rogath alipoanguka na mzigo, ni Thadeus aliyempeleka hospitali kwa lori lake, tena usukani akiushika mwenyewe.

"Shikamoo, Baba Jovin," alisema Salvina.

"Marahaba, Mama Hilda. Umekuja kwa ajili ya mkaguzi?"

"Nimekuja kuomba vikombe vinne."

"Vinne vya nini? Chukua kumi na viwili." Thadeus alimtazama kwa huruma. "Halafu utamkalisha wapi? Kwenye kigoda?"

"Kuna benchi."

"Mgeni wa serikali kwenye benchi! Atasema Wachagga wa huku wamelelewa na nyani. Nitakuletea makochi. Na kapeti, asichafue viatu. Na ng'ombe je? Chai ya maziwa utaitoa wapi?"

"Ningeomba nusu lita."

"Nitakuletea ng'ombe mwenyewe. Banda likiwa kimya, nyumba inaonekana kama ya msiba."

Salvina alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Mchana huo vijana wanne walibeba makochi, kapeti, kabati la vioo, vikombe kumi na viwili na televisheni yenye kitambaa cha kufuma juu yake. Ng'ombe aliletwa na kamba, akaingia bandani kana kwamba amezaliwa humo. Nyumba ilijaa kiasi kwamba ili kufika chumbani ilibidi kupita ubavu. Hilda alisimama akitazama. Aliuliza swali moja tu.

"Baba Jovin, na kwako kumebaki nini?"

"Kwangu kumebaki mimi," alisema Thadeus, akacheka.

Mkaguzi alifika Jumanne saa tano. Aliitwa Bwana Khalid, mtu wa Moshi mjini, mwembamba na mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni endapo moja ingeishiwa wino. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka barabarani. Alivua viatu mwenyewe mlangoni alipoona kapeti. Salvina alimpa chai ya maziwa, akampa mtori wa ndizi, akamwomba radhi kwamba mtori ulikuwa na chumvi kidogo. Haukuwa na chumvi nyingi wala kidogo. Ni desturi tu kuomba radhi.

Bwana Khalid alikula, akanawa, akafungua fomu juu ya goti. Aliandika polepole na kwa mwandiko mzuri. Makochi, seti moja. Kabati la vioo, moja. Vikombe, kumi na viwili. Sakafu, kapeti. Alipofika kwenye televisheni aliitazama, akaandika: televisheni, inafanya kazi. Mstari uliofuata uliuliza kuhusu umeme. Aliandika: upo.

"Ng'ombe anatoa lita ngapi?" aliuliza.

"Kumi," alisema Salvina, kwa sababu ndivyo Thadeus alivyokuwa amemwambia.

"Mnauza?"

Salvina alifikiri kwamba kuuza maziwa wakati mgeni amepewa chai ya maziwa kungesikika kama ubahili. "Tunakunywa wenyewe," alisema.

Bwana Khalid aliandika: yanatumika nyumbani.

Hilda alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba. "Shikamoo tena, mzee," alisema. "Hivi vitu si vyetu. Ni vya jirani. Vimeletwa jana kwa ajili yako."

Salvina aliinamisha uso. Bwana Khalid aliinua kichwa akamtazama binti bila ukali wowote.

"Binti yangu, kila nyumba naambiwa hivyo," alisema. "Juzi kuna mtu kaniambia gari lililokuwa uani kwake ni la padri. Mimi naandika ninachokiona. Nisichokiona siandiki. Hiyo ndiyo haki pekee niliyo nayo."

Alifunga fomu, akashukuru kwa chakula, akaelekea kwa Thadeus.

Huko alikuta nyumba ya vyumba sita haina hata kiti. Sauti yake ilirudi kutoka kwenye kuta. Thadeus alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya stoo, amevaa shati la kazi. Alieleza kwamba nyumba ni ya kaka yake aitwaye Elifuraha, aliyeko Dar es Salaam, na kwamba yeye ni mlinzi tu, anafagia uwanja na kuangalia mifereji ya paa. Thadeus hakuwa na kaka. Lilikuwa jina la kwanza lililomjia. Bwana Khalid aliandika yote kwa mwandiko uleule mzuri.

Jumatano asubuhi vijana wanne walikuja kurudisha vitu. Walianza na kochi kubwa. Lilifika mlangoni likasimama. Walilipindua, wakalilaza, wakaliinua wima. Waling'oa fremu ya mlango. Kochi halikupita, ingawa lilikuwa limepita juzi, na sasa nafasi ilikuwa kubwa zaidi. Walijaribu vikombe. Kila kikombe kilichotolewa nje kilionekana tena kwenye kabati la vioo, kikavu. Ng'ombe alikubali kufungwa kamba, akatembea mpaka kwenye ua, akageuka, akarudi bandani. Walifanya hivyo mara tano. Mara ya tano ng'ombe alitangulia kurudi kabla yao.

Rogath alitazama yote akiwa amekaa kwenye benchi lake. "Nimebeba mizigo ya Wazungu miaka kumi na tisa," alisema. "Sijawahi kuona mzigo unaokataa kushuka."

Balozi wa nyumba kumi, Mama Theopista, aliitwa aje kushuhudia. Alijaribu kutoa kijiko kimoja kwa mkono wake mwenyewe, akashindwa. Alisema kilichoandikwa kimeandikwa, na kwamba yeye hana mamlaka juu ya fomu ya ofisi ya juu. Kisha akauliza kama maziwa yatagawiwa.

Jioni hiyo televisheni iliwaka yenyewe. Hakukuwa na waya uliofika kwenye nyumba ile. Ilionyesha bei za mazao, kisha mpira.

Kwa Thadeus nako mambo yalikwenda kwa namna yake. Alinunua viti vipya vya plastiki huko mjini, lakini havikuingia ndani, vikabaki uani vikinyeshewa. Funguo zake hazikufungua tena chumba chochote isipokuwa stoo. Wiki ya pili alipata barua kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa ya Elifuraha. Aliuliza kwa adabu kama mifereji ya paa imesafishwa.

Thadeus aliisoma barua, akapanda ngazi, akasafisha mifereji. Kisha alihamia kwenye nyumba yake nyingine iliyokuwa Njoro, Moshi mjini, ambayo mkaguzi hakuwa ameiona, na ambako malori yake yalikuwa yameegeshwa tangu mwanzo.

Majibu yalikuja katikati ya Septemba, kupitia sanduku la parokia. Bahasha zilikuwa mbili, zikafika siku moja. Katekista alizileta zote pamoja baada ya misa, kwa kuwa walizoea kumpa Salvina barua za Thadeus amtunzie. Hilda alifungua ya kwao akiwa amesimama jikoni. Salvina alikuwa anamenya ndizi.

"Soma," alisema Salvina.

"Sifuri," alisema Hilda.

"Sifuri ya nini?"

"Asilimia sifuri. Wanasema familia ina uwezo."

Salvina aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi zilizokuwa kwenye beseni, akachukua mkungu uliokuwa umetengwa kwa ajili ya gulio, akamenya wote. Akachukua wa pili. Maganda yalimfunika miguu. Nyumba ilikuwa na watu watatu, na yeye alimenya ndizi za kulisha arusi. Rogath aliingia, akaona, akakaa kitako sakafuni palepale, yeye ambaye goti lake halikukubali kukaa sakafuni tangu mwaka 1998. Ng'ombe asiyetoka bandani hakuwa amewashtua. Televisheni isiyo na waya hawakuwa hata wameizungumzia na majirani. Lakini sifuri ile, iliyopigwa chapa safi katikati ya karatasi, iliwapiga wote watatu kama mtu anavyopigwa na tawi gizani, na hakuna aliyejua pa kuishika.

Ndizi ziligeuka rangi zikawa nyeusi kabla mtu hajawasha moto.

Bahasha ya pili hawakuifungua. Haikuwa yao. Jovin mwenyewe alikuja kuichukua, akaifungua uani, akaruka mara moja kwa furaha, kisha akaona uso wa Hilda dirishani, akaikunja akaitia mfukoni. Ilikuwa mia kwa mia.

Kesho yake Rogath alifanya hesabu ya wazi kabisa. Kama vitu ni vyao, basi vitu viuzwe. Alimleta mfanyabiashara kutoka Kiboriloni, mwanamke hodari aitwaye Mwanaasha, aliyekuwa akinunua fenicha kuukuu. Mwanaasha alisukuma kochi mara moja, akasimama, akajifuta mikono.

"Hili limeandikwa?" aliuliza.

"Limeandikwa," alisema Rogath.

"Kaka, mimi vitu vilivyoandikwa sinunui. Mwaka jana niliuziwa friji la mwalimu mmoja wa Himo. Nimelibeba mpaka dukani, nafungua mlango wa duka, friji liko Himo." Alikubali glasi ya maziwa akiwa amesimama. "Maziwa je, mnauza?"

Walikuwa wamejaribu. Maziwa yaliyovuka ua yalirudi kwenye ndoo yakiwa na povu lilelile. Yalinyweka nyumbani tu. Kwa hiyo watoto wa jirani walianza kuja na kunywa wakiwa wamekaa kwenye makochi, na Rogath na Salvina na Hilda nao walikunywa, kwani kumwaga ni dhambi. Ndani ya mwezi mmoja wote watatu walinenepa kidogo. Watu waliowaona kanisani walisema hali yao sasa ni nzuri.

Siku nane kabla ya chuo kufunguliwa, Thadeus alikuja. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu, pamoja na Mama Theopista kama shahidi, na mkononi alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Isale ni mmea wa mpaka. Hupandwa kwenye ukingo wa kihamba, shamba la ukoo, na juu ya makaburi, na mtu aliyemkosea mwenzake akimletea jani lake, mwenzake hana budi kusamehe. Hata aliyeuliwa ndugu husamehe. Hakuna aliyewahi kusikia isale limekataliwa, wala hakuna anayejua kitatokea nini likikataliwa.

Thadeus alisimama mlangoni. Hakukalia kochi lake.

"Mama Hilda. Rogath. Nilijua," alisema. "Nilijua nilipokupa vikombe."

Salvina alitazama jani.

"Baba Jovin," alisema Hilda, "basi twende wote mjini kesho. Useme hivyohivyo ofisini."

Thadeus aligeuza jani mkononi. Ng'ombe alisikika akitafuna.

"Nikisema, Jovin atarudishwa," alisema. "Nimekuja kuomba msamaha, mwanangu. Sijaja kurudisha."

Mama Theopista alitazama pembeni. Rogath alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Baba Jovin, wewe ungekuwa mpagazi ungefika mbali," alisema. "Unajua kumpa mwenzako mzigo akakushukuru."

"Sema yote, meku, mzee mwenzangu. Ninastahili."

"Nimemaliza."

Salvina alinyoosha mikono miwili akapokea jani. "Nimesamehe," alisema, kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Akampa Thadeus maziwa; Thadeus akanywa akiwa amesimama, akaenda zake Njoro.

Hilda hakuzungumza na mama yake mpaka jioni. Ndipo Salvina, akiwa bado ameshika jani, aliposema kwamba amefikiri na ameona kosa lilipo. Yeye pia amekosea. Ameipamba nyumba mbele ya mtu aliyetumwa kuona ukweli. Kama Thadeus ameweza kuinama, yeye ni nani asiiname? Angeenda ofisini na isale lake mwenyewe.

"Mama, hiyo ni ofisi," alisema Hilda.

"Na ndani yake kuna watu."

Walikwenda pamoja alfajiri. Salvina alichagua jani changa kutoka kwenye kaburi la baba mkwe wake, kwa kuwa la kaburini lina uzito zaidi, akalifunga fundo, akalifunika kwa khanga ili jua lisilikaushe. Hilda alibeba daftari lake. Tangu kidato cha tatu alikuwa anachora humo mfongo uliochimbwa na babu zake kuleta maji kutoka msituni, ambao sasa ulifika kwao mkavu. Alikuwa amepima kwa hatua zake kila mahali maji yalipopotelea. Sehemu ya juu ilikamilika. Sehemu ya chini aliiacha wazi, kwa sababu hesabu zake zilikuwa za ngazi ya chuo.

Kwenye dirisha la ofisi ya mikopo, huko mjini, alikaa msichana mwenye kucha nyekundu, jina lake Ummy. Foleni ilikuwa ndefu na wote waliokuwemo walikuwa wazazi. Zamu yao ilipofika Salvina alipiga goti kidogo, akapitisha jani chini ya kioo kwa mikono miwili.

"Nimekosea," alisema. "Niliazima vitu vya watu. Naomba mnisamehe, mtoto asiadhibiwe."

Ummy alilitazama jani. Aligeuza akatazama na upande wa nyuma. "Mama, hii ni rufaa?" aliuliza.

"Ni isale."

"Ndiyo, lakini ni rufaa?"

Salvina alimtazama Hilda. "Ni rufaa," alisema Hilda.

Ummy alichukua muhuri, akaugonga katikati ya jani. IMEPOKELEWA, na tarehe. Wino ulishika vizuri. Akafungua faili la Hilda, akaliweka jani juu ya fomu ya Bwana Khalid, akalifunga.

"Mmesamehe?" aliuliza Salvina.

"Tumepokea, mama. Mtajibiwa."

"Binti yangu, isale halikataliwi."

"Hatujakataa, mama," alisema Ummy kwa upole. "Anayefuata."

Walirudi nyumbani wakangoja. Hilda alifungasha sanduku lake, kwa kuwa jibu lingeweza kuja siku yoyote. Tarehe thelathini halikuja. Tarehe moja halikuja. Tarehe mbili Oktoba aliamka mapema, akavaa sketi aliyoshonewa kwa safari, akakaa kwenye kochi kubwa, sanduku miguuni. Alikaa mpaka saa sita. Televisheni iliwaka yenyewe, ikaonyesha chuo kinafunguliwa. Vijana walikuwa wamepanga foleni na magodoro kichwani. Mmoja wao, kwa nyuma, alikuwa Jovin. Alikuwa anacheka na mtu asiyeonekana.

Salvina alisimama mbele ya kioo ili binti yake asione. Lakini alikuwa mwembamba kuliko televisheni.

Saa sita na robo Hilda aliinuka, akavua sketi, akaenda shambani kumkatia ng'ombe majani.

Desemba, kama kila mwaka, watu wa mlimani waliotawanyika nchini walirudi nyumbani kwa Krismasi. Elifuraha naye alirudi. Alikuja na mke, watoto watatu na gari la rangi ya fedha, akafungua nyumba ya vyumba sita kwa funguo zake mwenyewe. Alikuwa mtu mchangamfu. Alimwita Thadeus kutoka Njoro, akamkuta amepunguza kufagia, akamsema kidogo, akamchinjia mbuzi. Thadeus alikula mbuzi. Alisema baadaye kwamba si vibaya kuwa na kaka, ukishazoea. Jovin aliandika kutoka chuoni kwamba bumu limetoka, yaani fedha ya kujikimu kutoka kwenye mkopo, na kwamba amenunua simu.

Mwaka uliofuata Hilda aliomba tena. Aliyeomba tena alikaguliwa tena. Bwana Khalid alifika siku ya Alhamisi, mwezi Agosti, akipanda njia ileile kwa miguu, lakini safari hii alibeba kitu kwapani kilichofungwa kwa kamba ya katani. Lilikuwa faili la Hilda. Halikuweza kufungika. Kutoka pande zake tatu yalichomoza majani ya isale, mabichi na yenye kung'aa, mengine marefu kama mkono.

Alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akapokea kikombe.

"Limeota mizizi kwenye karatasi," alieleza. "Huko ofisini, kwenye kabati, tumelipunguza mara tatu mwaka huu. Linashika mafaili ya jirani."

"Mnalimwagilia?" aliuliza Rogath.

"Hatulimwagilii. Lenyewe tu."

Alifungua kamba. Majani yalitanuka yakamfunika mpaka kifuani. Alitafuta fomu kwa vidole kama mtu anayetafuta yai kwenye majani, akaipata, akayashikilia majani kwa kiwiko. Kwenye jani la chini kabisa, lililokuwa sasa gumu kama ngozi, muhuri bado ulisomeka.

"Bwana Khalid," alisema Salvina, "wamesamehe?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Hakuwa mtu wa kusema asichokijua. "Mama, mimi sijaona barua ya kukataa," alisema. "Na mimi nasema ninachokiona."

Alitazama chumba. Makochi. Kabati. Vikombe kumi na viwili. Kapeti. Televisheni ilikuwa inaonyesha hali ya hewa. Alimtazama ng'ombe kupitia dirisha. Aliwatazama Rogath, Salvina na Hilda, waliokuwa wamenawiri. Kisha akaandika chini ya mstari wa mwaka uliopita, kwa mwandiko wake mzuri: hakuna badiliko.

Salvina aliona aliyoyaandika. Alikuwa na birika mkononi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Kisha akakiona kikombe cha mgeni, kimebaki robo. Akakijaza.

"Samahani," alisema. "Chai imekuwa nyepesi."

"Hapana, ni nzuri sana," alisema Bwana Khalid.

Alipotaka kuondoka, faili halikufungika hata kwa kamba. Aliuliza kama wana panga. Hilda alileta kisu cha kukatia majani, akakaa sakafuni kwenye kapeti, faili mapajani, akapunguza isale jani moja baada ya jingine, kwa uangalifu, asiikate fomu. La chini, lenye muhuri, aliliacha. Lilikuwa na chipukizi jipya ubavuni, dogo kama ukucha. Alilitazama, akalifunika kwa karatasi, akafunga kamba mafundo mawili.

"Mwakani utakuja tena?" aliuliza.

"Ukiomba, nitakuja."

Bwana Khalid aliteremka kuelekea barabarani, faili kwapani. Hilda alikusanya majani aliyoyakata. Hakukuwa na mtu wa kumpelekea, kwa hiyo aliyachomeka kando ya mfongo mkavu, moja kila hatua tano, mahali maji yanapopotelea. Yote yalishika mizizi.